Je, Wajua? Nyuki wa Sikonge wana namba yao maktabani

Mfugaji nyuki wa Sikonge akiingia maktaba yoyote inayopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, aende moja kwa moja 638.1. Jirani yake mkulima wa tumbaku atafute 633.71. Mfumo huo ni wa Mmarekani Melvil Dewey, wa mwaka 1876, miaka minne tu baada ya Livingstone kuondoka Kwihara, pale nje ya Tabora. Fasihi nzima ya Kiswahili imebanwa kwenye 896.392. Enzi hizo nani alituwaza?

Namba si kazi. Kazi ni kujua kitabu gani kikae hapo. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 1963, hununua vitabu, hupokea misaada, na kwa sheria ya 1975 hudai kwa wachapishaji wa nchini nakala mbili za kila chapisho. Misaada ina mambo yake: kontena zima la vitabu vya bure laweza kujaa riwaya za theluji, lisiwe na hata kijitabu kimoja cha mizinga.

Kabla ya kompyuta, mkutubi alijua haja za wasomaji kwa kufunua jalada la nyuma, palipobandikwa karatasi ya kugongea mihuri ya tarehe. Mihuri imejaa hadi chini? Atafute nakala ya pili. Upo mmoja tu, tena wa miaka kumi iliyopita? Kitabu kinashushwa rafuni, labda kipelekwe tawi jingine kikajaribu bahati.