Mkate wa Tende kwa Siku Aliyozaliwa Mama

Wasomaji wetu wa huku Ukinga wataona ajabu kidogo kusikia habari za tende, maana mtende haumo katika miti ya nchi hii. Waarabu husema kuwa mtende hutaka miguu yake iwe majini na kichwa chake kiwe motoni. Sisi wa Bulongwa maji tunayo mengi, lakini huo moto wa kichwani hatuna. Mwezi wa Juni na Julai umande huganda juu ya majani ya viazi, na mtu hutoka nyumbani asubuhi amejifunika blanketi. Hata hivyo tende hufika kwetu, na tumeombwa na walimu wawili watatu tueleze jinsi tulivyozipika kwa ajili ya mama yetu mzazi. Basi twaeleza.

Kwanza habari ya siku yenyewe. Wazee wengi wa kwetu hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Mtu akiulizwa umri wake hujibu kwa kutaja jambo: mwaka wa nzige, au mwaka wa njaa, au mwaka barabara ilipochongwa. Mama yetu alikuwa akisema siku zote, “Mimi nilizaliwa wakati wa baridi, kabla ya Uhuru kidogo,” wala hakujua zaidi. Mwaka juzi tulipokwenda kutafuta cheti cha ndugu yetu katika daftari la ubatizo, tuliliona jina la mama, na kando yake imeandikwa siku aliyozaliwa: tarehe 9 Julai, 1961. Tulirudi nyumbani tukamwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Basi siku hiyo ilikuwa siku gani ya juma?” Tukahesabu, tukaona ni Jumapili. Jambo hilo lilimpendeza kuliko tarehe yenyewe.

Wako waliotuambia ya kuwa kusherehekea siku ya kuzaliwa ni mambo ya wageni. Huenda ni kweli. Lakini tumeona watu wakichinja ng’ombe na kukodi magari ili kumzika mzee ambaye alipokuwa hai hakuna aliyempelekea hata kilo ya sukari. Sisi hatukutaka kungoja siku ile. Tena mama hana meno ya nyuma. Nyama humpa taabu, na andazi gumu hulitia ndani ya chai mpaka lilainike. Ndipo tulipofikiri mkate wa tende, kwa kuwa ni mwororo na hauhitaji kutafunwa sana.

Tende ni tunda la mtende, nalo likikauka sehemu yake kubwa, sita au saba katika kumi, ni sukari. Zamani majahazi ya Omani na Basra yaliteremka na upepo wa kaskazi, baina ya Desemba na Machi, yamejaa tende na chumvi, yakafika Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Kisha yakangoja kusi ianze yakarudi na boriti za mikoko kutoka Rufiji. Siku hizi hutoka pwani kwa malori hadi Makambako, hapo njia ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, na kutoka huko huletwa Njombe na kwetu milimani. Mwezi wa Ramadhani ndipo zinapopatikana kwa wingi. Anayetaka kuzitumia Julai anunue mapema, aziweke ndani ya chombo chenye kifuniko, hazitaharibika.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: tende robo kilo, maji ya moto kikombe kimoja, unga wa ngano vikombe viwili visivyojaa sana, siagi vijiko vinne vya kulia, sukari robo kikombe, mayai mawili, tangawizi iliyosagwa kijiko kidogo, na chumvi kidogo sana. Tena magadi ya kupikia keki nusu ya kijiko cha chai, na ule unga wa kuumulia ambao dukani huitwa bekingi pauda.

Hapa twamtaka msomaji asimame kidogo, maana ndipo tulipokosea sisi. Mara ya kwanza tulifuata kipimo kilichoandikwa juu ya kopo. Mkate uliinuka upesi kama uyoga, tukafurahi, kisha ukadidimia katikati ukawa kama bakuli. Sababu yake ni hewa ya milimani. Kadiri mtu anavyopanda juu, uzito wa hewa hupungua. Katika mahali palipo meta 2,000 juu ya bahari maji huchemka yakiwa na digrii 93 tu hivi, wala si 100 kama pwani. Kadhalika mapovu yanayoumua unga hutanuka zaidi, kwa kuwa hewa ya juu haiyakandamizi sana, nayo hupasuka kabla unga haujaiva na kushikamana. Dawa yake ni kupunguza bekingi pauda iwe kijiko kimoja cha chai tu, na kuongeza maji vijiko viwili, kwa sababu huku maji hukauka upesi. Mara ya pili mkate ulisimama.

Tende huondolewa kokwa moja moja kwa mkono. Usimwachie mtoto kazi hii peke yake. Kokwa moja likibaki laweza kumvunja mzee jino lake la mwisho. Zikatekate, zimwagie maji yanayochemka pamoja na magadi, ufunike kwa nusu saa, halafu uziponde kwa mwiko. Siagi ya huku huwa ngumu kama sabuni wakati wa baridi, basi uiweke karibu na jiko kwanza, na mayai vilevile. Piga siagi na sukari mpaka vigeuke vyeupe, tia mayai, kisha tende, na mwisho unga uliochungwa pamoja na vitu vile vikavu. Ukishatia unga usikoroge sana, maana mkate utakuwa mgumu.

Asiye na tanuri atumie sufuria mbili. Kubwa itiwe mchanga mkavu na mawe matatu madogo, iwekwe juu ya makaa machache ipate moto. Ile ndogo ipakwe siagi, itiwe unga wa mkate, ikae juu ya mawe. Funika kubwa kwa bati, na juu ya bati weka makaa mengi kuliko ya chini. Baada ya dakika 45 chomeka kijiti; kikitoka kikavu mkate umeiva, kikitoka na unga ungoje tena. Usifunue mapema kwa hamu ya kutazama.

Neno moja kwa wenye wazazi wagonjwa wa kisukari. Ndugu yetu mdogo alidai ya kuwa sukari ya tende haidhuru kwa kuwa ni ya tunda. Si kweli. Mgonjwa huyo apewe kipande kidogo tu, na kwanza aulizwe mganga wake.

Mama alikula vipande viwili na maziwa ya moto, akawagawia majirani vilivyobaki. Kokwa aliziokota zote akazipanda ndani ya kopo karibu na jiko. Tulimweleza habari za miguu majini na kichwa motoni. Akajibu, “Jiko si moto?” Mbili zimekwisha kuota, zina jani moja moja jembamba kama nyasi, na kila jioni huziingiza ndani zisipigwe na baridi.