Viungo 5,000 kwa laki tatu: je, tovuti yako itapanda Google?

Wiki iliyopita, tukiwa katikati ya kipindi cha asubuhi, tulipokea ujumbe kutoka kwa msikilizaji wetu mwenye gesti ya vyumba 12 karibu na stendi ya mabasi. Mwaka jana alitengenezewa tovuti. Sasa kuna mtu amempigia simu akitaka Sh 300,000 ili amtengenezee "viungo 5,000" na kumfikisha nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya mwezi mmoja. Swali lake lilikuwa fupi: "Nimpe hela au nisimpe?"

Muda wa kipindi haukutosha kumjibu vizuri, na tangu siku hiyo wengine wawili wametuandikia kuwa wamepigiwa simu za namna hiyo. Jibu fupi ni hili: usimpe. Jibu refu linahitaji tueleze kwanza viungo ni nini, kwa sababu kinachofanya biashara hii ivutie ni kwamba ndani yake kuna chembe ya ukweli.

Kiungo kina kazi gani?

Kiungo, au linki kama wengi tunavyosema, ni maneno au picha kwenye ukurasa ambayo ukibofya inakupeleka ukurasa mwingine. Injini za utafutaji kama Google zina programu zinazozunguka kwenye intaneti usiku na mchana zikifuata viungo hivyo, ukurasa hadi ukurasa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiungo ni kuwa njia. Ukurasa usiounganishwa na mwingine wowote ni kama nyumba isiyo na barabara: ipo, lakini mgeni hafiki kwa urahisi.

Kazi ya pili ni ushahidi. Katikati ya miaka ya 1990, injini kama AltaVista, iliyoanza mwaka 1995, zilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe. Aliyetaka kuonekana kwa neno "hoteli" aliliandika mara mia, pengine kwa rangi ileile ya ukurasa ili msomaji asilione. Yaani mwenye duka alijisifia mwenyewe, na mashine ikamwamini.

Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walikuja na njia nyingine. Walitazama jinsi wasomi wanavyopimana: utafiti unaotajwa na watafiti wengi huonekana kuwa na uzito. Wakauliza, kwa nini kiungo kisichukuliwe kama kutajwa? Mradi wao ulianza mwaka 1996 kwa jina la BackRub, na mwaka 1998 ukawa kampuni ya Google. Hesabu yenyewe waliiita PageRank, kwa jina la Page.

Viungo hivyo havikuhesabiwa sawa kama kura kwenye sanduku. Fikiria unatafuta mdhamini wa mkopo. Sahihi ya mtu anayeheshimika mtaani na sahihi ya mpita njia hazina uzito mmoja. Tena yule mheshimiwa akimdhamini kila anayebisha hodi, sahihi yake inapungua nguvu. PageRank ilifanya vivyo hivyo: kiungo kutoka ukurasa wenye uzito kilihesabiwa zaidi, na uzito huo uligawanywa kwa viungo vyote vinavyotoka kwenye ukurasa huo.

Google ilisoma pia maneno yaliyobeba kiungo. Mwaka 2003 watu wengi waliweka kwenye kurasa zao kiungo chenye maneno ya Kiingereza "miserable failure", yaani aliyeshindwa vibaya, kikielekea kwenye wasifu wa Rais George W. Bush katika tovuti ya Ikulu ya Marekani. Aliyetafuta maneno hayo Google alimkuta rais, ingawa wasifu wenyewe haukuwa na maneno hayo. Mzaha huo ulidumu hadi Januari 2007, Google ilipotangaza kuwa imerekebisha kanuni zake.

Ushahidi ulipogeuka bidhaa

Kitu kikishakuwa na thamani, hapakosi wa kukiuza. Likazuka soko la viungo: kurasa zisizo na msomaji hata mmoja, zilizojazwa viungo vya kulipiwa tu.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha JCPenney, kampuni kubwa ya maduka nchini Marekani. Katika msimu wa sikukuu wa mwishoni mwa 2010, ilikuwa inashika nafasi ya kwanza Google kwa magauni, matandiko, mazulia na bidhaa nyingine nyingi. Ukitafuta mabegi ya Samsonite ya kuingia nayo ndani ya ndege, JCPenney ilitokea juu ya Samsonite wenyewe. Februari 2011 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi ulioonesha kuwa kulikuwa na viungo kwenye kurasa 2,015 vilivyoelekezwa kwa JCPenney, nyingi zikiwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na nguo wala fanicha.

Google ilichukua hatua kabla makala haijatoka. Saa moja jioni ya Jumatano moja, JCPenney ilikuwa ya kwanza kwa mabegi yale ya Samsonite. Saa tatu usiku ilikuwa ya 71. Kampuni ilisema haikuidhinisha viungo hivyo, na ikaiachisha kazi kampuni iliyokuwa ikiishughulikia. Hata hivyo aliyeporomoka ni JCPenney, si yule fundi. Hili ndilo jambo la kwanza tunalomwomba msikilizaji wetu alishike: anayekuuzia viungo anaondoka na hela, lakini tovuti inayobaki na doa ni yako.

Aprili 24, 2012, Google ilianzisha mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, yaliyolenga hasa viungo vya hila. Mwanzoni tovuti zilizokutwa na viungo hivyo zilishushwa. Kuanzia Septemba 2016 Penguin ikawa sehemu ya kudumu ya mfumo, na badala ya kushusha tovuti nzima, mara nyingi inavifanya viungo hivyo visihesabiwe. Desemba 2022 Google ilieleza kuwa inatumia pia mfumo wake uitwao SpamBrain kutambua wanaonunua viungo na tovuti zinazotumika kuvipitisha.

Maana yake kwa mwenye gesti ni rahisi. Akinunua viungo 5,000, jambo linaloelekea zaidi kutokea ni kwamba hakuna kitakachobadilika. Hela itakwenda, na nafasi yake itabaki palepale. Hali mbaya zaidi ni adhabu. Na ile ahadi ya nafasi ya kwanza, Google yenyewe inasema hakuna mtu anayeweza kuihakikisha. Ukiisikia, umeshapata dalili ya kutosha.

Sisi nasi tunabishiwa hodi

Tusijifanye tumekaa pembeni. Kwenye barua pepe ya redio yetu huja maombi kutoka kwa watu tusiowajua: "Tuna makala nzuri, tutawalipa mkiichapisha." Ukifungua makala yenyewe, ni maneno matupu yenye kiungo kimoja katikati, mara nyingi cha kampuni ya kamari ya mtandaoni. Kituo kidogo kina bili za umeme na mtambo wa kurushia matangazo, kwa hiyo hatutasema hela hizo hazitamaniki.

Lakini kanuni ni wazi. Kupokea tangazo si kosa. Kosa ni kuuza kiungo kisha kukionesha kana kwamba ni ushahidi wetu wa hiari. Tangu Januari 2005 kuna alama iitwayo nofollow inayowekwa ndani ya kiungo kuieleza injini ya utafutaji kwamba kisichukuliwe kama udhamini, na mwaka 2019 Google iliongeza alama maalumu kwa viungo vya kulipiwa. Mwombaji akisikia tutaweka alama hiyo, kwa kawaida hajibu tena.

Vyombo vya habari vimewahi kuunguzwa na jambo hili. Februari 2013 Interflora, wauza maua maarufu wa Uingereza, walitoweka kwenye Google hata kwa jina lao wenyewe, wiki chache kabla ya Siku ya Mama nchini humo. Google haikuwataja, lakini siku zilezile ilitoa onyo kuhusu makala za kulipiwa zenye viungo. Wachambuzi walionesha kuwa magazeti mengi ya mikoani yaliyochapisha makala kama hizo nayo yalipunguziwa alama zake za PageRank.

Basi mwenye gesti afanye nini?

Kwanza, aandikishe gesti yake kwenye Google Maps. Ni bure. Mtu anayetafuta "gesti karibu na stendi" huoneshwa kwanza ramani, na hapo Google hutazama umbali, kama biashara inalingana na alichotafuta, na inavyojulikana. Maoni ya kweli ya wageni yanasaidia.

Pili, tovuti ijibu maswali ambayo wageni humpigia simu kuuliza: bei ya chumba, maji ya moto, maegesho ya gari, namna ya kufika ukishuka basi la usiku. Ukurasa wa namna hiyo una sababu ya kuunganishwa na wengine.

Tatu, aombe viungo kwa wanaomjua kweli. Chuo kinachowaleta kwake walimu wa mazoezi, kanisa au msikiti unaofanyia wageni wake malazi hapo, kampuni ya mabasi, chama cha wafanyabiashara: hawa wakimtaja kwenye tovuti zao, kila kiungo kinasema jambo la kweli. Vitano vya aina hiyo ni bora kuliko 5,000 visivyo na msomaji.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye intaneti chema nacho kinahitaji kutembezwa kidogo, ila kitembezwe kwa watu, si kwa mashine. Na tusivikuze viungo kupita kiasi: mwaka 2023 Gary Illyes wa Google alisema watu huvipa umuhimu mkubwa kuliko vilivyo nao.

Kama ulishanunua, fungua Search Console, zana ya bure ya Google, uone nani anakuunganisha. Mwombe aliyekuuzia aviondoe, na usiongeze hela nyingine kwa anayesema atakusafisha.

Msikilizaji wetu tulimpigia simu jana. Hajalipa. Alituambia yule jamaa ameshuka hadi laki na nusu.