Sungura, simbilisi au hamsta: maswali ya kuuliza kabla ya kumnunulia mtoto mnyama

Shule zikifungwa, biashara ya wanyama wadogo huchangamka Thika na Ruiru. Karibu na vituo vya matatu na kandokando ya masoko utamkuta mchuuzi na katoni lake, ndani yake sungura wachanga wamerundikana, pengine na simbilisi wawili watatu, wale ambao wengi mitaani huwaita ginipigi. Mtoto anayepita hapo na mzazi wake hahitaji kushawishiwa. Bei hupatanwa kwa dakika chache, mnyama hushikwa masikio na kutiwa kwenye mfuko, na safari ya nyumbani huanza.

Yanayofuata hayamfurahishi mtu. Sungura anaanza kuharisha siku ya tatu, halafu hali chochote, na kabla ya wiki kwisha ameshakufa mbele ya mtoto aliyekwisha kumpa jina. Mzazi hudhani amemlisha vibaya. Mara nyingi kosa lilifanyika kabla hajatoa pesa mfukoni.

Sungura mchanga anatakiwa kukaa na mama yake mpaka afikishe angalau wiki sita, na wiki nane ni bora zaidi. Kabla ya hapo tumbo lake bado linategemea maziwa, wala halijazoea majani na chakula cha kusagwa. Akitolewa mapema, akabebwa juani na kulishwa kabichi na mkate, vijidudu vya tumboni humshinda. Tatizo ni kwamba sungura wa wiki tatu au nne ndiye anayependeza zaidi machoni, mdogo wa kuenea kiganjani, kwa hiyo ndiye anayewekwa katonini. Mnunuzi anavutiwa na kile kile kinachopaswa kumtia shaka.

Swali la kwanza, na pengine ndilo linalookoa zaidi, ni hili: naweza kumwona mama yake?

Mfugaji wa kweli hujibu bila kusita. Atakupeleka kwenye kibanda, utamwona mama, utawaona ndugu waliozaliwa pamoja na huyo unayemtaka, na utanusa hewa ya mahali penyewe. Kibanda chenye harufu kali ya mkojo, maji machafu kwenye chombo na wanyama waliojazana kimejieleza. Mchuuzi wa kando ya barabara, hata akiwa mtu mwema, kwa kawaida hawezi kujibu kwa sababu naye amenunua kwa mwingine aliyenunua kwa mwingine. Hajui mnyama alizaliwa lini, wala kama ndugu zake wako hai.

Wakazi wa kaunti hii wana bahati ambayo watu wa miji mingine hawana. Kiambu ni miongoni mwa kaunti zenye wafugaji wengi wa sungura nchini, na wengi wao wako umbali wa nauli moja tu kutoka katikati ya mji. Mfugaji anayetunza kumbukumbu atakuonyesha daftari lenye tarehe ya kupandisha na tarehe ya kuzaa. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi, kwa hiyo tarehe hizo mbili zinaweza kuhakikiwa hapo hapo. Jambo moja tu mzazi alielewe mapema. Wafugaji hawa hufuga kwa ajili ya nyama, na aina wanazozipenda ni New Zealand White, California White na nyinginezo kubwa. Mtoto mdogo wa sungura unayemwona leo atafikisha kilo nne au tano. Flemish Giant huzidi kilo sita. Mwenye chumba kimoja Githurai au Makongeni afadhali aulizie Dutch, ambaye hubaki mdogo, au amfikirie simbilisi.

Kumkagua mnyama si kazi ya mtaalamu peke yake. Macho yawe makavu na maangavu. Pua isiwe na kamasi, na manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yasiwe yamegandana, kwa maana sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa miguu hiyo. Chungulia masikioni: magamba ya kahawia ni dalili ya utitiri, ugonjwa unaotibika lakini unaomuumiza sana mnyama. Angalia chini ya mkia kama kuna alama za kuharisha. Meno ya mbele yakutane sawasawa, kwani meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote na yakikosa kukutana hurefuka mpaka ashindwe kula. Kisha mtazame muuzaji anavyomnyanyua. Anayemshika masikio hajui kazi yake. Sungura hushikwa kwa mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio, la sivyo akirusha mateke anaweza kujivunja uti wa mgongo.

Simbilisi ni mpole kuliko sungura na mara chache huuma, ndiyo maana anafaa nyumba yenye watoto. Ila ana mambo yake mawili. Kwanza, kama binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Sungura anaweza, na kwa sababu hiyo chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya sungura hakimtoshi simbilisi hata kama wanakula kutoka sahani moja. Akikosa vitamini hiyo viungo huvimba, manyoya huwa makavu na fizi hutoka damu. Sukuma wiki na vipande vya pilipili hoho kila siku, pamoja na nyasi kavu za boma rhodes wakati wote, vinamtosha. Muuzaji ambaye hajui habari hii hajawahi kufuga simbilisi kwa muda mrefu.

Pili ni hesabu. Simbilisi huzaliwa akiwa na manyoya na macho wazi, na dume anaweza kuanza kupanda akiwa na wiki tatu tu. Kwenye katoni la mchuuzi madume na majike hukaa pamoja, kwa hiyo jike mdogo anayenunuliwa leo huenda tayari ana mimba. Baada ya miezi miwili familia iliyonunua simbilisi wawili inajikuta na sita. Mfugaji makini hutenganisha madume mapema na anaweza kumgeuza mnyama na kukuonyesha jinsia yake. Kwa kuwa simbilisi hapendi kuishi peke yake, chukua majike wawili waliokulia pamoja.

Hamsta na panya wa kufugwa

Watoto wanawaona kwenye katuni na video za simu, kisha wanawataka. Hapa ukweli ni kwamba hamsta si mnyama wa soko la kawaida katika sehemu zetu. Anapatikana kwa wafugaji wachache na baadhi ya maduka ya wanyama Nairobi, na biashara kubwa hufanyika kwenye mitandao ya kijamii. Karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa duniani ni uzao wa familia moja iliyochimbuliwa karibu na mji wa Aleppo, Syria, mwaka 1930, kwa hiyo huyu ni mgeni kabisa Afrika Mashariki. Anayesema amemleta kutoka ng'ambo anapaswa kuwa na kibali cha kuingiza mnyama kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo pamoja na cheti cha afya cha nchi alikotoka. Omba kuviona.

Muuzaji wa mtandaoni akitaka pesa zitumwe kwa M-Pesa kabla mnyama hajaonekana, simama hapo. Picha nzuri inaweza kuchukuliwa popote duniani. Omba video ya mnyama huyo huyo pamoja na kibanda chake, au bora zaidi mfuate alipo. Usikubali atumwe kwa matatu kama kifurushi ndani ya boksi la viatu. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, inamkataza mtu kumsafirisha mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu, na kumfungia katonini kutoka Nairobi hadi Thika bila hewa wala maji hakuwezi kuitwa jina lingine.

Ukimkuta muuzaji anayesifu hamsta wawili wa dhahabu kuwa "mtu na mke wake", jua hawajui. Hamsta wa aina hiyo huishi peke yake. Wawili wakiwekwa pamoja hupigana, mara nyingine mpaka mmoja afe. Hulala mchana na kuamka usiku. Mtoto wa miaka mitano anayemwamsha saa nane mchana ili acheze naye ataumwa kidole, na kosa halitakuwa la hamsta.

Panya naye ni kinyume chake. Anapenda wenzake, ni mwerevu, na hujifunza haraka kuliko hamsta. Anayetilia shaka akili ya panya akumbuke kazi inayofanyika Morogoro, Tanzania, ambako shirika la APOPO na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufunza panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Lakini panya hao huzaliwa na kukuzwa chini ya uangalizi tangu siku ya kwanza. Hawaokotwi mtaroni.

Hilo linasemwa kwa sababu wapo watoto wanaokamata vifaranga vya panya wa nyumbani na kuvitia kwenye chupa. Panya wa mitaani anaweza kubeba leptospirosisi, ugonjwa unaosambaa kupitia mkojo wake. Mwezi Julai 2022 ugonjwa huo, unaoitwa pia homa ya mgunda, ulizuka mkoani Lindi nchini Tanzania, na serikali ya huko ikatangaza wagonjwa 20, watatu kati yao wakiwa wamefariki. Mtoto aking'atwa na panya, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wa porini abaki porini

Kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru na ya mananasi ya Thika, wafanyakazi na watoto hukuta mara kwa mara kitoto cha sungura wa porini kimelala peke yake nyasini. Wengi hukichukua kwa huruma wakidhani kimetupwa. Hakijatupwa. Mama yake hukiacha hapo mchana kutwa kwa makusudi, asije akawaonyesha wawindaji kilipo, na hurudi kukinyonyesha giza likiingia. Sungura huyo, ambaye ndiye yule mjanja wa hadithi zetu, si ndugu wa karibu wa sungura wa kibandani na hawazaliani. Akifungiwa hufa kwa hofu na njaa. Kalunguyeye naye, kanyama ka miiba kanakojikunja kama mpira, hutembea bustanini usiku baada ya mvua na huuzwa kimyakimya. Kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, hata kama mnunuzi alimlipia kwa nia njema. Anayeuziwa kalunguyeye atoe taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kazi ya kaunti katika haya yote imeandikwa kwenye Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne linazipa serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, na pia huduma za mifugo. Kwa hiyo mkazi mwenye swali kuhusu sungura mmoja wa mtoto ana haki ya kuuliza katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ya Thika au ya Ruiru sawa na mwenye ng'ombe kumi. Maafisa hao pia wanawafahamu wafugaji wa eneo lao, na kuwauliza ni njia ya haraka ya kumpata muuzaji anayeaminika. Anayetumia daktari wa kibinafsi ahakikishe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Kabla ya hapo, mpangaji azungumze na mwenye nyumba. Ploti nyingi za Kimbo, Kihunguro na Makongeni haziruhusu wanyama, na mnyama anayegunduliwa na keateka mwezi wa pili ndiye anayeishia kuachwa kando ya barabara usiku. Sungura wa kufugwa hajui kujitafutia. Ikibidi aondoke, arudishwe kwa mfugaji aliyemuuza, na makubaliano hayo yafanywe siku ya kununua, yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu. Mfugaji anayekataa kabisa kumpokea mnyama wake mwenyewe ametoa jibu la kutosha kuhusu namna anavyofanya biashara.

Nyumba ya mnyama iwe tayari kabla hajafika: kivuli, maranda makavu ya mbao, maji, na mlango usioweza kufunguliwa na paka. Ukimleta mgeni kwenye nyumba yenye sungura au simbilisi wengine, mtenge kwa wiki mbili katika chombo chake mwenyewe, na uwahudumie wenyeji kwanza asubuhi, yeye mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni.