Pistoni Inaposukuma Kombo

Ndani ya kitako cha bunduki za jamii ya AR-15 mna bomba la alumini lenye springi. Wamiliki wa bunduki hizo nchini Marekani waliobadili mfumo wa gesi na kuweka pistoni mara nyingi hukuta jambo moja wanapozifungua kuzisafisha: mdomo wa bomba hilo, upande wa chini, umekwaruzwa. Rangi nyeusi imechunika, alumini inang'aa, na kidole kikipita hapo kinahisi ukingo mkali ambao haukuwapo bunduki ilipokuwa mpya.

Mkwaruzo huo una maelezo ya kifizikia, na umezaa biashara nzima ya vipuri vya kuuzuia. Ili kujua kama vipuri hivyo vina faida, yafaa kuanza na namna bunduki yenyewe ilivyobuniwa.

Hesabu ya Stoner

AR-15 ilitokana na kazi ya Eugene Stoner, mhandisi wa kampuni ya ArmaLite, aliyepewa hataza ya mfumo wake wa gesi mwaka 1960. Risasi inapopita kwenye mtutu, gesi kidogo ya baruti huchepuka kupitia tundu dogo na kurudi nyuma kwa mrija mwembamba hadi ndani ya kibebeo cha bolti. Kibebeo ni kipande cha feleji chenye umbo la mviringo, na bolti inayofunga chemba imekaa ndani yake. Gesi hutanuka kati ya viwili hivyo: bolti inasukumwa mbele, kibebeo kinasukumwa nyuma.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba kani yote iko kwenye mstari mmoja na mtutu. Kibebeo hurudi kimenyooka, kikaisukuma bafa, yaani kile kipande kilicho mbele ya springi kinachopokea kishindo, kisha springi ikavirudisha vyote mbele. Kwa sababu hiyo Stoner hakuhitaji reli nzito za kukiongoza kibebeo. Umbo la mviringo ndani ya tundu la mviringo lilitosha, na nafasi ndogo ikaachwa pembeni ili uchafu usikikwamishe.

Gharama yake ni masizi na joto, kwa kuwa gesi chafu huishia palepale kwenye vyuma vinavyotembea. Ndipo wengine walipoamua kuizuia gesi mbele, juu ya mtutu, iisukume pistoni, nayo pistoni iupeleke msukumo nyuma kwa fimbo. Kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani ilifanya hivyo katika HK416, bunduki iliyochaguliwa na jeshi la Norwei mwaka 2007 na jeshi la Ufaransa mwaka 2016. Kampuni kadhaa za Marekani zilitengeneza bunduki za namna hiyo kwa soko la raia, na nyingine zikauza seti za kubadilisha AR-15 ya kawaida.

Sentimita mbili zinazoleta matata

Fimbo ya pistoni hupita pale ulipokuwa mrija wa gesi, takriban sentimita mbili juu ya mhimili wa mtutu. Kwa hiyo hukipiga kibebeo kwenye nundu iliyo juu ya mgongo wake, mbali na kitovu cha uzito. Hapo inaingia kanuni ya momenti inayofundishwa sekondari: kani isiyopita kwenye kitovu cha uzito husukuma kitu na papo hapo hukizungusha. Anayesukuma kabati refu kwa kulishika juu anaijua kanuni hiyo, maana kabla halijateleza huanza kuinama.

Kibebeo nacho huinama. Pua yake huinuka na mkia wake hushuka, kwa kadiri ile nafasi ndogo ya pembeni inavyoruhusu. Pembe ni ndogo mno, lakini mahali inapotokea ndipo pabaya. Kabla ya risasi kupigwa, mkia wa kibebeo upo karibu kabisa na mdomo wa bomba la bafa, lile la kitakoni. Unaposhuka na kurudi nyuma kwa kasi, hugonga ukingo wa chini wa bomba. Mkia ni wa feleji, bomba ni la alumini. Alumini hiyo ina ngozi ngumu ya oksidi, ila unene wake ni kama milimita 0.05 tu; ngozi ikishapasuka, metali laini iliyo chini yake huliwa.

Msomaji atauliza: mbona bunduki ya AK, ambayo nayo ina pistoni juu ya mtutu, haina shida hii? Kwa sababu kibebeo chake hutembea juu ya reli mbili zinazokishika kisiiname. ArmaLite yenyewe, ilipobuni AR-18 ya pistoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikipitisha kibebeo kwenye fimbo mbili za kukiongoza. Tatizo basi halitokani na pistoni peke yake. Linatokana na kuichukua pistoni na kuiweka katika mwili uliobuniwa kwa kani iliyonyooka.

Tiba tatu

Njia ya kwanza ni kukibadili kibebeo: mkia huongezwa unene au huchongwa mteremko, ili nafasi ya kushuka ipungue na unapokutana na bomba uteleze badala ya kugonga. Ya pili ni kulibadili bomba. Kampuni ya Primary Weapons Systems, kwa mfano, hutengeneza bomba lenye mdomo uliorefushwa kuelekea mbele ili kuubeba mkia tangu mwanzo wa safari.

Ya tatu ni bafa maalumu. Bafa ya kawaida ina uso bapa unaogusana tu na mkia wa kibebeo, kwa hiyo haiwezi kuuzuia usishuke. Bafa ya kuzuia mwinamo ina kichwa kinachochomoza na kuingia katika uwazi wa mkia huo. Bafa na kibebeo huwa kama mwili mmoja mrefu zaidi, na kwa kuwa bafa imebanwa na kuta za bomba, mkia hupata cha kuushikilia. Faida yake ni urahisi, maana hubadilishwa bila kugusa sehemu nyingine. Udhaifu wake ni kwamba momenti ipo palepale: kani bado inapiga juu, na sasa mzigo umehamia kwenye bafa na kuta za bomba. Bafa iliyolegea bombani haitasaidia kitu.

Rangi kukwaruzika kidogo katika siku za mwanzo, kisha kukakoma, ni vyuma kuzoeana, na hakudai kipuri chochote. Mfereji unaozidi kuchimbika au vumbi la alumini linalorudi baada ya kila usafishaji ndiyo dalili ya kutafuta tiba. Kwa anayenunua bunduki mpya, bora ni ile ambayo kibebeo, bomba na pistoni vilibuniwa pamoja tangu mwanzo. Bafa maalumu ni kiraka kizuri kwa bunduki iliyokwisha kubadilishwa, lakini kiraka hakishindi nguo iliyokatwa vizuri.