Gari limeondoka, fedha hazijaja: namna ya kudai

TUKUYU: Magari mengi yaliyotumika wilayani Rungwe huuzwa kati ya mtu na mtu. Mnunuzi hutoa fungu la kwanza, huondoka na gari, na salio huahidiwa "ndizi zikiuzwa". Hapo ndipo kasoro inapoanzia, kwani Rungwe ndizi huuzwa mwaka mzima na ahadi hiyo haina tarehe.

Chukua mfano wa pikapu ya Sh. milioni 12. Zimelipwa milioni 7, zimebaki milioni 5. Muuzaji hujiona salama kwa sababu kadi ya gari bado iko kabatini kwake. Usalama huo ni nusu tu. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, umiliki huhama pale wahusika walipokusudia uhame, hata kama bei haijamalizika kulipwa. Kama hawakuandika kwamba gari litabaki la muuzaji hadi shilingi ya mwisho, muuzaji hubaki mdai wa fedha. Kwenda kulivuta gari usiku uani kwa mnunuzi kwaweza kumgeuza yeye kuwa mshtakiwa. Tena, jina lake likiwa bado kwenye kadi, faini za barabarani humfuata yeye.

Polisi nao si wakusanya madeni. Jinai huingia pale tu mnunuzi alipochukua gari kwa udanganyifu tangu mwanzo. Aliyekusudia kulipa akaishiwa ni mdaiwa wa kawaida.

Hatua ya kwanza ni barua ya madai yenye kiasi, tarehe ya mwisho ya kulipa na saini ya aliyeipokea. Mdaiwa akijibu kwa maandishi na saini kwamba anadaiwa, jibu hilo lina thamani kubwa: muda wa kudai deni la mkataba ni miaka 6, na kukiri deni kabla muda haujaisha huanzisha hesabu upya.

Asipolipa, madai hupelekwa mahakamani. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza madai ya namna hii yasiyozidi Sh. milioni 30, kwa Kiswahili. Mkataba wa mdomo haumfungii mlango muuzaji ikiwa mnunuzi alishapokea gari na kulipa sehemu. Mashahidi, ujumbe wa simu na kumbukumbu za fedha zilizotumwa kwa simu husaidia. Hukumu ikitoka na mdaiwa akakaidi, mali yake yaweza kukamatwa na kuuzwa.

Kinachoumiza ni kuchelewa. Mnunuzi aliyekabidhiwa gari kwa ridhaa anaweza kumuuzia mwingine asiyejua habari za deni, na sheria ikamlinda huyo wa tatu. Kadi iliyobaki kwa muuzaji hupunguza hatari hiyo, maana mnunuzi makini huuliza kadi kwanza. Lakini barabara ya Tukuyu huteremka moja kwa moja hadi mpakani Kasumulu, na gari likishaingia Malawi, gharama ya kulifuata yaweza kula milioni 5 yote.