Kabla ya Jina, Uliza Kazi: Mtoto na Wanyama Wanaoruka

Ukimwonyesha mtoto wa miaka minne wa Bunia picha ya tai wa Marekani, atakariri jina leo na kulisahau kesho. Mwulize mwewe ana shida gani na vifaranga vya jirani, atakueleza mpaka uchoke wewe. Mimi ni mwalimu wa maternelle (shule ya chekechea) mtaani Nyakasanza, na somo langu la wanyama wanaoruka halianzii kitabuni. Linaanzia kwa wale ambao mtoto ameshawaona juu ya ua wa kwao, na swali la kwanza si “Anaitwa nani?” bali “Anafanya nini?”

Swali hilo lina faida nyingine. Darasani kwangu wamo watoto ambao nyumbani huzungumza Kihema, Kilendu, Kialur, Kibira au Kinande. Nikianza na jina, watabishana jina la nani ndilo la kweli. Nikianza na kazi, wote wameona jambo lile lile. Majina hufuata baadaye, kila mmoja akileta la kwao, na la Kiswahili tunalitumia sote.

Mwewe ndiye anayetufundisha habari za hewa. Watoto hugundua wenyewe kwamba anazunguka muda mrefu bila kupiga mabawa. Mbona haanguki? Hapo nawasha jiko la makala, nawasimamisha watoto mbali, kisha naachia unyoya mdogo wa kuku juu kabisa ya moto. Badala ya kushuka, unapanda. Hewa ikipata joto hupanda. Na jua la mchana likichoma barabara na mabati ya mji, hewa ya juu yake nayo hupanda. Mwewe hutandaza mabawa, ikampandisha bure.

“Mwalimu, na kuku ana mabawa, mbona haruki mpaka Kasenyi?” Kuku ni mzito, na misuli ya kifua chake hufaa kwa mruko mfupi wa ghafla tu, wa kumwokoa na mbwa au kumfikisha kwenye tawi la kulalia. Mtoto akielewa hivyo, ameelewa kwamba kuwa na mabawa hakutoshi.

Unyoya wenyewe ni somo zima. Mpe mtoto unyoya mrefu wa bawa, safi, aupasue kwa vidole, kisha aupapase kutoka chini kwenda juu. Utafunga tena, kwa sababu vijiuzi vyake vina kulabu ndogo zinazoshikana. Akimaliza, anawe mikono kwa sabuni.

Watoto wakiwa na unyoya mkononi, mimi huwasimulia kisa cha mto wetu. Mwaka 1913, huko Avakubi kando ya Mto Ituri, Mmarekani James Chapin aliuona kwenye kofia ya mwenyeji unyoya ambao hakuweza kuutambua. Akauhifadhi. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa ni tausi wa India wachanga. Walikuwa na unyoya ule ule. Ndivyo wanasayansi walivyomfahamu tausi wa Kongo, baada ya miaka 23. Wenyeji wa msituni walikuwa wakimjua siku zote. Mwenye kofia hakuhitaji kuambiwa.

Baada ya ndege, kundi la pili ni wadudu, na hapa hakuna wa kumshinda kumbikumbi. Kila mtoto amewakimbilia chini ya taa baada ya mvua, na wengi wamewala wakiwa wamekaangwa kwa chumvi. Lakini wachache wameulizwa mabawa yale manne yanaenda wapi. Kumbikumbi huruka mara moja tu maishani. Akishuka huyaangusha mabawa, hutafuta mwenzi, nao huchimba shimo la kuanzisha kichuguu kipya. Ndugu zake wafanyakazi hawapati mabawa kamwe.

Kisha popo. Mtoto akimweka na ndege, usimkemee. Mwulize kama popo anataga mayai. Popo huzaa na kunyonyesha, na bawa lake ni ngozi iliyotandazwa juu ya vidole virefu. Kati ya wanyama wanaonyonyesha, ni yeye peke yake anayeruka kwa kupiga mabawa. Msitu wa Ituri una popo ambaye mabawa ya dume lake yakikunjuliwa hukaribia mita moja. Usiku madume hukusanyika kando ya maji na kupiga kelele, kila mmoja akitaka jike amchague yeye.

Kuhusu popo sina mjadala: tunamtazama, hatumgusi, awe hai au mfu. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa nchi yetu, Ituri ikiwemo, na wanasayansi wanashuku kwamba popo wala matunda hubeba virusi vyake. Hata hivyo simfundishi mtoto kumchukia. Popo wala matunda husambaza mbegu za miti, na wengine hula wadudu wanaotusumbua.

Limebaki suala la manati. Mvulana wa miaka mitano ameshajua kwamba ndege ni shabaha, na kumkataza peke yake hakusaidii. Mimi humpeleka chini ya mti wa kwera, ndege wale wa manjano, nikamwomba achague kiota kimoja na kukifuatilia. Ataona dume akisuka kwa mdomo, kisha akining'inia chini ya kiota na kupigapiga mabawa kumwita jike. Jike akikataa, dume hukibomoa kiota na kuanza upya. Mtoto anayesubiri kujua kama “wake” atakubaliwa hana haja ya jiwe.

Wazazi huniuliza wanunue kitabu gani. Kitabu kizuri kikipatikana, kinunuliwe, ila kije baada ya uani. Na mtoto akiuliza usilolijua, usimtungie jibu. Mwambie, “Kesho tuamke mapema tumwangalie,” halafu kesho uamke kweli.