Ukoo wa Konokono wa Baharini ni Suala la Afya

Mwezi Desemba 2004, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya maumivu iitwayo zikonotaidi, ambayo jina lake la biashara ni Prialt. Hupewa wagonjwa wenye maumivu makali yasiyokoma ambao dawa nyingine, hata mofini, hazijawafaa, nayo huingizwa kwa pampu ndogo moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Ni nakala ya kimaabara ya kitu kimoja tu kati ya vingi vilivyomo katika sumu ya konokono wa baharini, Conus magus, aliyechunguzwa na Baldomero Olivera, mzaliwa wa Ufilipino, pamoja na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Utah. Kisa hiki husimuliwa kama ajabu ya bahari, kisha msimuliaji akaishia hapo. Linalorukwa ni swali lililoitangulia maabara: ni konokono yupi? Jamii ya Conus ina spishi zaidi ya 700, wengi wao hufanana kwa umbo, na kila spishi ina sumu yake. Asiyejua yupi ni yupi, na yupi ni ndugu wa yupi, hana pa kuanzia. Ninachodai ni kwamba kuainisha moluska, kazi ambayo wengi huiona kuwa ya kupamba makabati ya makumbusho, ni sehemu ya kazi ya afya kama ilivyo kupima damu, na kwamba uainishaji wenye manufaa ni ule unaofuata ukoo, hata pale gamba linaposema vingine.

Gamba limewapoteza wataalamu kwa muda mrefu. Carl Linnaeus, katika toleo la kumi la Systema Naturae la mwaka 1758, aliwaweka wanyama laini walio uchi upande mmoja na wenye magamba upande mwingine, wote ndani ya kundi kubwa alilolipa jina la minyoo. Kwa mpango huo koa alitenganishwa na konokono, ingawa koa ni konokono aliyepoteza gamba tu. Mwishoni mwa karne hiyo Georges Cuvier wa Ufaransa aliwapasua wanyama hao, akatazama moyo, mishipa ya fahamu na viungo vya kupumulia, ndipo konokono, chaza na pweza walipoanza kuonekana kuwa watu wa nyumba moja. Hata hivyo makosa hayakuisha. Chukua jahazi lililopandishwa ufukweni kukwanguliwa. Nje ya mbao zake wameganda viumbe wenye vigamba vyeupe, vigumu kama jiwe. Ndani ya mbao zile zile amejichimbia mdudu mrefu, laini, mwenye sura ya mnyoo. Macho yatasema wa nje ni jamaa wa chaza na wa ndani ni mnyoo. Ukweli ni kinyume chake. Yule wa nje ni jamaa wa kaa na kamba, jambo ambalo John Vaughan Thompson alilionyesha mwaka 1830 kwa kufuatilia viluwiluwi vyake. Yule mtoboa mbao ndiye moluska, wa kundi la chaza na kome, na gamba lake limesinyaa hadi kuwa vipande viwili vidogo vya kukerezea mbao.

Basi moluska hutambulikana kwa nini, ikiwa gamba halitoshi? Ana mwili laini usio na mifupa. Ana joho, yaani ile ngozi inayofunika viungo vya ndani na ambayo ndiyo inayojenga gamba pale gamba linapokuwapo. Ana mguu wa msuli. Na wengi wao wana radula, ulimi wenye safu za meno madogo, ambao chaza na jamaa zake wameupoteza kwa kuwa wao huchuja chakula majini. Wataalamu wengi leo huhesabu ngeli 8 za moluska walio hai. Wa pwani tunazijua zaidi tatu: ya konokono na koa; ya chaza, kome na kombe; na ya pweza, ngisi na dome. Wengine ni wadogo au huishi kilindini, na ngeli moja ilidhaniwa kuwa imekwisha duniani, ikijulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe, mpaka meli ya Denmark iitwayo Galathea ilipowavua wakiwa hai mwaka 1952 katika Bahari ya Pasifiki, mbali na pwani ya Kosta Rika.

Ndani ya ngeli ya konokono yenyewe ugomvi ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1848 Henri Milne-Edwards aliwagawa kwa matamvua: walio na matamvua mbele ya moyo, walio nayo nyuma ya moyo, na wanaopumua kwa pafu. Mgawanyo huo ni rahisi kufundisha, na ulidumu vitabuni zaidi ya miaka mia. Tatizo lake ni kwamba uliwakusanya pamoja wanyama waliofanana kwa mazoea ya maisha badala ya wale waliotoka tumbo moja. Mfano mzuri ni wale konokono wanaong'ang'ania miamba inayopigwa na mawimbi, wenye gamba lililochongoka kama kawa ya kufunikia chakula. Umbo hilo limezuka mara nyingi katika koo zilizo mbali kabisa, kwa sababu mawimbi humwadhibu kila mnyama aliyeinuka sana juu ya mwamba. Kwenye mwamba mmoja wawili wanaweza kukaa bega kwa bega, mmoja akiwa wa ukoo wa kale unaopumua kwa matamvua, mwenzake akiwa karibu kiukoo na konokono wa bustanini. Winston Ponder na David Lindberg walipolinganisha mwaka 1997 zaidi ya sifa 100 za miili ya konokono, na baadaye vinasaba vilipoanza kusomwa, makundi yale ya Milne-Edwards yalisambaratika. Mpangilio wa Philippe Bouchet na Jean-Pierre Rocroi wa mwaka 2005, uliorekebishwa 2017, umejengwa juu ya ukoo.

Turudi sasa kwa konokono wa sumu, kwa maana hapa ndipo ukoo unapogusa maisha ya mtu. Radula yake imegeuka chusa: jino moja refu, lenye tundu ndani, linalorushwa kutoka kwenye mrija wa mdomo na kudunga sumu. Wengi wao huwinda minyoo, wengine huwinda konokono wenzao, na wachache huwinda samaki. Hao wa samaki ndio wa kuogopwa, kwani sumu inayomlaza samaki papo hapo huishambulia mishipa ya fahamu ya binadamu pia. Conus geographus, ambaye makazi yake ni pamoja na miamba ya pwani ya Afrika Mashariki, ndiye anayehusishwa na karibu vifo vyote kati ya vile zaidi ya 30 vilivyoandikwa katika kumbukumbu za kitabibu. Hakuna dawa ya kuipinga sumu yake. Aliyedungwa hutulizwa na kukimbizwa hospitali, na kinachomwokoa ni kusaidiwa kupumua mpaka sumu iishe nguvu, kwa sababu misuli ya pumzi ndiyo inayolegea. Na konokono huyo huyo anatumia silaha nyingine iliyoelezwa mwaka 2015: humwaga majini insulini inayoshusha sukari katika damu ya samaki hadi wakazubaa. Insulini hiyo haina kile kipande kinachoifanya insulini ya binadamu ishikamane katika vifundo, na kwa hiyo watafiti wa kisukari wanaisoma kwa makini wakitafuta insulini inayofanya kazi haraka zaidi.

Kila spishi ina zaidi ya viambato 100 katika sumu yake. Kuvipima vyote, spishi kwa spishi, ni kazi isiyo na mwisho. Mti wa ukoo huifupisha, kwa sababu ndugu wa karibu hurithi sumu zinazokaribiana. Ukijua tawi linalowinda samaki, unajua pia pa kutafuta kiambato kinachofunga milango ya kalisi katika neva zinazobeba maumivu, ambayo ndiyo kazi ya zikonotaidi.

Hapa msomaji makini ana haki ya kuuliza: tutautegemeaje uainishaji ambao majina yake hayatulii? Mwaka 2009 John Tucker na Manuel Tenorio waliivunja jenasi ya Conus ikawa makumi ya jenasi. Miaka mitano baadaye Nicolas Puillandre na wenzake, wakitumia vinasaba vya spishi zaidi ya 300, wakarudisha karibu wote ndani ya Conus na kubakiza jenasi 4 tu. Daktari anayetaka kuandika jina katika jalada la mgonjwa ana sababu ya kukasirika, nami nakubali kuwa wataalamu wa moluska hubadilisha majina kwa wepesi kuliko inavyotakiwa. Lakini tazama kilichobadilika na kilichobaki. Pande zote mbili zilikubaliana kwa kiasi kikubwa kuhusu nani yuko karibu na nani. Walichogombania ni ukubwa wa kikapu kimoja. Jina la spishi, geographus, halikuguswa. Kinachobeba manufaa ya tiba ni zile nasaba, nazo kila ushahidi mpya unapoongezwa huzidi kuimarika kuliko kuyumba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka pwani kwenyewe. Wavuvi, na wanawake wanaoshuka mwambani wakati wa bamvua, wana uainishaji wao: huyu analiwa, huyu hauzwi, huyu haguswi. Wanayo haja gani ya majina ya Kilatini? Elimu hiyo ni ya kweli, na mtafiti anayeipuuza ni mjinga. Inatosha kabisa kwa kile ambacho mkono na jicho vinaweza kukipima. Kuna mambo, hata hivyo, ambayo jicho haliyafikii, na ushahidi ulio wazi kuliko wote nimeuona kwa konokono wa maji baridi wa Unguja, binamu wa mbali wa hao wa baharini.

Kichocho cha mkojo husababishwa na mnyoo Schistosoma haematobium, ambaye hawezi kumaliza maisha yake bila kupita ndani ya konokono wa jenasi ya Bulinus. Katika madimbwi na vijito vya Unguja wamo wawili wanaofanana sana: Bulinus globosus na Bulinus nasutus. Kwa gamba, hata mtaalamu huwachanganya. Russell Stothard, David Rollinson na wenzao walipowatenganisha kwa vinasaba, ilidhihirika kwamba kisiwani humo mbebaji wa mnyoo ni globosus, na nasutus hambebi. Jambo hilo lilieleza ni kwa nini watoto wa shule wa kaskazini na katikati ya kisiwa waliugua kwa wingi ilhali wa kusini, ambako nasutus pekee ndiye aliyepatikana, waliugua kidogo. Uzito wake kwa mpango wa kutokomeza kichocho Zanzibar hauhitaji maelezo mengi. Niklosamaidi, dawa inayoua konokono, huua pia samaki na vyura. Kuimwaga katika bwawa lisilo na mbebaji ni kuharibu maji ya watu na kupoteza fedha, na kuacha kuimwaga panapostahili ni kuwaacha watoto waendelee kukojoa damu.

Mtu anaweza kunigeuzia mfano huo huo. Huko Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, Bulinus nasutus huyo huyo ni mbebaji wa kichocho. Ikiwa spishi moja ni salama Unguja na ni hatari ng'ambo ya bahari, ukoo umetabiri nini? Pingamizi hili lina nguvu, na jibu langu ni kwamba linaonyesha mahali ambapo uainishaji haujafika chini vya kutosha. Konokono na mnyoo wamekuwa wakijibizana kwa vizazi vingi, mahali kwa mahali, na jamii za konokono za kisiwani na za bara zimeachana vya kutosha kumpokea au kumkataa mnyoo fulani. Jina la spishi hupunguza maswali. Halimwondolei mtu wajibu wa kupima pale alipo. Kwa konokono wa baharini tahadhari yake ni hii: mpita mwambani asijaribu kutofautisha wa samaki na wa minyoo kwa kutazama madoa. Awaache wote wenye gamba la umbo la pia, kwa kuwa mrija wa mdomo hufikia hata vidole vilivyoshika upande mpana wa gamba.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina fedha za kuhesabu konokono. Gharama ninayoizungumzia ni ndogo: fundi wa maabara, chupa za spiriti, daftari la mahali na tarehe. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar. Kenya ina taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi mjini Mombasa. Pemba ina maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri. Kinachokosekana ni mnyama mwenyewe. Konokono wa mwambani wanaochukuliwa kwa ajili ya biashara ya mapambo huozeshwa ili gamba lisafike, likauzwa bila kuandikwa limetoka mwamba gani. Hivyo hutupwa nyama, na ndani ya nyama ndimo zilimo sumu, vinasaba na vimelea, na kubakizwa kile kitu kimoja ambacho kwa zaidi ya miaka 200 kimewapotosha wataalamu. Kipande cha mguu chenye ukubwa wa punje ya mchele, kikitiwa kwenye spiriti kabla konokono hajaozeshwa na kuandikiwa jina la mwamba, kinatosha kwa uchunguzi wa vinasaba, na mchuuzi hapotezi gamba lake.